Mkono wa Aliyepika Waridi

Sura ya Nne

Kalavati alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata ukikaa chini hauishi, unakaa nawe. Ilikuwa siku ya kumi na nane ya msimu wa waridi, na tangu jogoo wa kwanza hakuwa ameweka kitu tumboni zaidi ya chapati ya jana na mtindi. Magunia yalikuwa yameingia alfajiri kutoka mashamba ya kando ya mto. Maua yakamwagwa ndani ya mitungi minne ya shaba, yakatiwa maji, vifuniko vikazibwa kwa udongo na pamba, moto ukawashwa. Aliyefanya yote hayo ni yeye. Aliyesifiwa mji mzima wa Kannauj kwa kuyafanya ni shemeji yake, Bisheshwar, ambaye saa hiyo alikuwa sokoni anatafuna tambuu na wenzake.

Tusimwonee Bisheshwar. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu, na mvivu aliyejaliwa shemeji hodari hana haraka ya kubadilika. Kazi ile Kalavati alifundishwa na marehemu mumewe, Shivnath, kwa siri, wakati kifua kimekwisha kumla na mikono haiwezi tena kuinua kifuniko. Shivnath alipofariki, mkewe alikuwa na miaka ishirini na saba. Akavuliwa bangili, akavalishwa nguo nyeupe, akaambiwa kwamba mjane hacheki kwa sauti na hajipaki kitu chenye harufu nzuri maisha yake yote. Kesho yake asubuhi akarudishwa kwenye mitungi kupika waridi, maana msimu ulikuwa umeanza na hakuna mwingine aliyejua.

Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Katika nyumba ile kila kiumbe kilinukia waridi. Mwenye gari la ng'ombe alinukia, na ng'ombe wake pia. Bisheshwar alichomeka kipande cha pamba chenye haliwaridi, mafuta ya waridi, kwenye kikunjo cha sikio, kama walivyofanya wanaume wote wa mji ule, wenye sharubu na wasio nazo. Kalavati peke yake alioga kila jioni kwa majivu na maji ya kisima, akajisugua mpaka ngozi ikawaka, kwa sababu mama mkwe, Bi Rampyari, alimnusa shingoni kabla ya kumruhusu kuingia chumba cha sala.

Alikuwa anachungulia kuni za mtungi wa pili aliposikia mlango wa ua ukibishwa. Hakuhitaji kugeuka. Mtu mmoja tu alibisha mlango ule mara mbili polepole na kungoja, kama anaomba radhi kwa kuwa duniani.

Girdhari alikuwa na duka la manukato Kanpur. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, mwembamba, mabega yameinama kwa kukaa dukani, mkewe amefariki zamani bila kumwachia mtoto. Kwa miaka minane alikuja Kannauj kila mwaka mwisho wa msimu kununua haliwaridi ya nyumba ile. Na kwa miaka minane alileta barua zilizoandikwa juu "Kwa Bwana Bisheshwar". Ndani aliuliza mambo ambayo Bisheshwar asingeyajua hata kwa kuota: kwa nini chupa ya mwaka huu ina uchungu kidogo mwishoni, je, mvua ilinyesha usiku kabla ya kuchuma? Mafuta ya sandali yamebadilishwa? Bisheshwar alizisoma kwa sauti huku akipiga miayo, Kalavati akamwambia cha kujibu, Bisheshwar akaandika na kutia jina lake. Hazikuwa na neno la mapenzi hata moja barua zile. Hata hivyo Kalavati alikuwa amezihifadhi zote kichwani, na siku tarishi alipopita bila kusimama, chakula hakikumshuka.

Mara hii Girdhari amekuja katikati ya msimu. Moyo wa Kalavati ulidunda, naye akaukemea kimyakimya kwamba umri huo umepita.

Mgeni alikaribishwa barazani. Bi Rampyari alimpa maji na kipande cha sukari guru, akamuuliza habari za Kanpur. Girdhari akamsimulia jinsi vijana wa chuo wanavyoingia dukani na kumcheka wakisikia anavyonukia. Wanasema waridi ni ya wanawake, mwanaume apake kitu kikali, maana siku hizi chupa za waridi za ng'ambo zina picha ya bibi mwenye kofia. Yeye huwaambia wamwonyeshe pua ya kike iko wapi na ya kiume iko wapi, kisha waendelee na mazungumzo. Bi Rampyari alicheka mpaka akashika mbavu. Alimpenda Girdhari, kila mtu alimpenda. Ndiyo maana alichokisema baadaye kilimkata bibi yule kicheko kama kisu.

Kalavati hakusikia maneno yote kutoka pale kwenye moto, ila alisikia jina lake, na neno la kuposa. Kilichofuata alikisikia vizuri, kwa sababu Bi Rampyari hakuwa tena na haja ya kuficha. Ni kweli ni watu wa jamii moja. Ni kweli sheria ya serikali inaruhusu. Lakini je, sheria ndiyo itakayokuja kuwaposa wajukuu zake wawili, mabinti wa Bisheshwar, wakati mji mzima umesikia kwamba mjane wa nyumba hii ameolewa tena kama kuku anayebadilisha tundu? Ndugu za marehemu watasemaje? Na marehemu mwenyewe? Aliyataja yote, mpaka mbwa wa jirani karibu aingizwe. Jambo moja tu hakulitaja, nani atapika waridi.

Hatimaye alichoka kusema. Akavuta tasbihi yake, akamwambia Girdhari kama ana la kuongeza akaliongeze kwa Kalavati mwenyewe, yeye ana sala. Akageuza uso kuelekea ukutani na kuacha sikio wazi.

Girdhari akasogea hadi kwenye birika la maji ya kupozea mvuke wa mitungi, akasimama ng'ambo.

"Mama amekataa," alisema.

"Nimesikia. Na Kanpur watakuwa wamesikia."

Girdhari alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Nimeomba kwake kwa heshima. Sasa nakuomba wewe. Nataka nikuoe, Kalavati."

Kalavati alilipokea jina lake kama mtu anayekabidhiwa kitu chake kilichopotea. Katika nyumba ile aliitwa mke wa marehemu.

"Nina miaka thelathini na minane, Bwana Girdhari. Hapa kwetu mjane haolewi, anahurumiwa."

"Mimi sikuhurumii. Nimekuzoea. Barua yako ikifika, siku yangu inakaa sawa. Isipofika nagombana na wateja mpaka wananihama."

"Barua za Bisheshwar hizo."

"Bisheshwar hajui hata mvua inanyesha kutoka upande gani."

Kalavati aliinamia kuni ili uso wake usionekane. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha kwa moshi, na mwanaume aliyempenda miaka minane alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake akisema maneno aliyokuwa ameyatunga mwenyewe usiku mara elfu. Ajabu ni kwamba kitu alichokitaka kuliko vyote wakati ule kilikuwa mto wa kulalia.

Labda Girdhari aliona hilo, maana alishusha sauti. "Umechoka. Nilikuona mwaka jana, nikakuona mwaka juzi, kila mara umechoka zaidi. Nyumba yangu ina ghorofa, upepo unapita pande zote. Kuna mpishi. Utalala mpaka jua likuchoke. Nakuapia, hutagusa shaba tena maisha yako."

Alisema kwa upole, kama mtu anayefungua zawadi. Na kwa kitambo kidogo Kalavati alikwenda kweli. Aliliona shuka, aliliona dirisha, aliuona mchana mzima usio na moto ndani yake. Machozi yalimlenga kwa tamaa ya kulala tu.

Kisha akauliza, "Kanpur wanalima waridi?"

"Kanpur? Kanpur ni ngozi na pamba. Waridi gani?"

"Na ua likichumwa alfajiri hapa, mpaka lifike kwako…"

Hakumalizia, hapakuwa na haja. Girdhari aliijua kazi ile vizuri sana. Ua lisipoingia kwenye shaba kabla ya jua kupanda, harufu imekwisha kwenda zake. Alijua hilo kama ajuavyo pia kwamba anampenda, ila hayo mawili hakuwahi kuyakalisha chumba kimoja.

"Kwa hiyo nitakaa ghorofani," Kalavati alisema.

"Utakaa kwa raha."

"Na barua utamwandikia nani?"

Girdhari alitazama mitungi minne ikifuka, akayatazama majeraha ya moto mikononi mwa yule mwanamke, mengine ya siku nyingi, mengine ya wiki ile. Kalavati aliona jinsi anavyoelewa, na alimpenda zaidi kwa aibu iliyompanda usoni. Lakini kumpenda hakukubadilisha kitu. Akarudi kwenye kuni zake.

Hapo ndipo Bisheshwar alipoingia, midomo myekundu kwa tambuu, amefurahi kumkuta mteja wake kabla ya wakati. Aliuliza kama amekuja kununua, na Girdhari akajibu kwamba ndiyo, atachukua chupa ya kwanza ya msimu kabla ya treni ya saa kumi. Chupa ya ngozi ikaletwa, na kijiti cha kioo.

Katika mji ule biashara ya haliwaridi haifungwi kwa maneno. Aliyepika huchovya kijiti, akapaka nyuma ya mkono wa mnunuzi, kisha kwa kijiti kilekile akapaka nyuma ya mkono wake mwenyewe. Wanangoja kidogo. Halafu kila mmoja ananusa mkono wake na mkono wa mwenzake, na wakiridhika wote wawili, basi. Asiyepika hapaki. Kumpaka mtu mafuta uliyopikiwa ni sawa na kutia saini ya mwenzako. Sasa ona fundo lilivyofungwa: mjane hajipaki, asiyejipaka hauzi, na asiyeuza hakupika. Hivyo kwa miaka minane Bisheshwar alimpaka Girdhari, na Girdhari alinyoosha mkono.

Leo pia aliunyoosha. Bisheshwar akachovya kijiti. Kabla hakijagusa ngozi, Girdhari akaurudisha mkono.

"Naomba anipake aliyepika," alisema.

Tasbihi barazani ikaacha kusogea.

Bisheshwar alicheka. "Miaka minane nakupaka mimi, ndugu yangu. Leo mkono umeota nini?"

"Mkono ni ule ule. Mimi ndiye nimeona haya."

"Haya ya nini? Humu mpishi ni mimi. Muulize yeyote sokoni."

"Sokoni nimeshauliza. Ndiyo maana ilinichukua miaka minane kuona haya."

Bisheshwar akageuka kumtafuta mama yake, kama alivyofanya tangu anatambaa. Akasema mgeni ameleta fitina ndani ya nyumba ya watu. Akasema haliwaridi ikijulikana imetoka kwa mkono wa mjane hakuna bwana harusi atakayeinusa, wataiona mkosi, na hapo wote watakwenda kuomba mlangoni kwa nani? Alikuwa na hofu ya kweli. Kalavati, aliyekuwa amemlisha kwa miaka kumi na moja, alimwonea huruma hata katika dakika ile.

Lingekuwa jambo rahisi kukataa. Angesema Bwana Girdhari ametania, angeurudia moto, jioni angeoga kwa majivu, na kesho magunia yangekuja. Aliyatazama maisha hayo yote mpaka mwisho wake, na hakuona mahali penye kitanda.

"Nimechoka, Mama," alisema. Hakumwambia Bisheshwar, alimwambia yule bibi aliyegeukia ukuta. "Kazi naiweza. Kujiosha kila jioni kama mwizi ndiko kumenichosha."

Akafuta mikono kwenye nguo yake nyeupe, akamnyang'anya shemeji yake kijiti bila ukali. Akashika kifundo cha mkono wa Girdhari. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Mkono ulikuwa wa moto. Alipaka mstari mmoja mwembamba. Kisha akageuza kijiti, na mbele ya mama mkwe wake, mchana kweupe, akajipaka.

Wakangoja. Girdhari hakumtazama usoni, alitazama mkono, kwa adabu, mpaka adabu ikamshinda naye akainua macho. Walitazamana hivyo, watu wazima wawili waliochoka, hawana hata nguvu za kujificha.

Kalavati akainamia mkono wa Girdhari kwanza. Hiyo aliijua. Waridi iliyokaa kwa mwanaume yule ilikuwa kavu, tulivu, na chini yake kulikuwa na mti wa sandali. Ndivyo alivyokuwa akiiwaza kila alipopika. Kisha akaleta mkono wake mwenyewe puani.

Hakuijua hii. Ilikuwa waridi ileile, ya mtungi uleule, lakini kwake ilikuwa na asali, na chini ya asali kulikuwa na kitu kama udongo wa kwanza kunyeshewa. Miaka kumi na moja alikuwa kama mpishi aliyekatazwa kuonja. Alipika kwa kukisia ngozi za watu wengine, wanaume na maharusi na mabibi wa Lucknow, wote walioruhusiwa isipokuwa yeye. Hakujizuia. Alilia, akiwa amesimama, mkono puani.

"Ni ile ile?" Girdhari aliuliza.

"Ni ile ile. Imekukubali wewe na imenikubali mimi."

"Mama," Bisheshwar alisema, "unaona anavyoiharibu nyumba?"

Bi Rampyari alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Mjane kwa miaka thelathini na mmoja sasa, mkavu, mdogo, mikono imefumbata tasbihi. Hakumjibu mwanawe. Alimgeukia Girdhari, na sauti yake ilikuwa kali.

"Wewe umeona haya leo, umefanya ulichofanya, na treni yako ni saa kumi. Sisi tutabaki na majirani. Yeye atabaki nao. Haya yako ni ya kupanda treni."

Na hapo, lazima tukiri, bibi alikuwa amesema kweli.

Kalavati hakumtetea Girdhari. Alipangusa macho kwa kiwiko.

"Kanpur siendi," alimwambia Girdhari hatimaye. "Ukinipeleka kupumzika nitakufa kwa kupumzika. Kama unanitaka, nitake hapa, na mitungi yangu. Kama duka ndilo zito, nakuelewa, wala sitakuchukia. Panda treni."

"Duka alilianzisha baba yangu."

"Najua. Uliniandikia."

Girdhari alisugua uso kwa kiganja. Alionekana mzee kuliko alivyokuja. "Nina mpwa," alisema polepole. "Mjinga kidogo, lakini si mwizi. Mimi huku sitakuwa na cha kufanya. Sijui hata kuwasha moto huu."

"Utauza. Utasema nani amepika."

"Wateja watatukimbia."

"Wengine."

Alifikiri tena, muda mrefu, na Kalavati aliheshimu kwamba anafikiri. Jibu la haraka asingeliamini. Kisha akauliza, "Sasa hivi nifanye nini?"

"Sasa hivi nataka kulala. Kidogo tu." Alielekeza kidole kwenye mtungi wa tatu. "Huu ndio uko mbele ya wenzake. Sikiliza, unanguruma. Ukianza kuimba kwa sauti nyembamba, kama nyuki ndani ya kibuyu, mvuke umezidi. Usiuguse. Usivute kuni. Niamshe."

Akaenda hadi kwenye kitanda cha kamba kilichokuwa kivulini barazani, kitanda cha Bisheshwar, akajinyoosha juu yake mchana, mbele za watu, mkono uliopakwa ukiwa chini ya shavu. Alimsikia shemeji yake akianza kusema jambo kuhusu adabu.

"Mwache alale," alisema Bi Rampyari.

Hakusikia zaidi. Treni ya saa kumi ilipiga honi kule kituoni, lakini ilimpitia ndotoni kama ya mji mwingine. Alizama mahali pasipo na kuni wala magunia, na pangekuwa pazuri kukaa.

"Kalavati."

Sauti ilikuwa ya chini, inasita.

"Kalavati. Umeanza kuimba."

Alifungua macho. Jua lilikuwa limeteremka mpaka ukutani. Girdhari alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, shati limelowa jasho, macho mekundu kwa moshi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kitu asichopenda. Mbele yake kulikuwa na mwanamke ambaye hajalala vizuri kwa miaka kumi na moja, na kila mtu aliyempenda angemwacha aendelee kulala, angevuta tu kijiti kimoja cha kuni. Kalavati alitazama moto wa mtungi wa tatu. Kuni zilikuwa vilevile alivyoziacha.

Akainuka, akafunga nguo kiunoni, akaenda kwenye shaba yake.